Kiti cha Wakala

Mwaka 1915 mahakama ilikaa mjini Sydney, katika kisiwa cha Cape Breton, pwani ya mashariki ya Kanada, kuamua jambo moja: Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa sehemu hizo, wanaoishi kando ya barabara ya Kings Road waachwe au wahamishwe. Ardhi yenyewe ilikuwa ekari mbili na ushei, imeteremka mpaka ukingo wa bandari. Wanaume walivua samaki, walichonga mipini ya shoka na kufanya vibarua mjini; wanawake walisuka vikapu na kuviuza nyumba kwa nyumba. Jirani yao, mwanasheria na mwanasiasa Joseph Gillies, ambaye kiwanja chake kilipakana na chao, alikuwa ameishinikiza serikali kwa miaka mingi iwaondoe. Wenyewe walikataa kila waliposhauriwa kuhama.

Hukumu ya Jaji Audette ilitoka mwaka 1916. Aliandika kwamba rizavu ile, yaani ardhi iliyotengewa wenyeji, ilikuwa inakwamisha maendeleo ya upande ule wa mji, na kwamba hakuna mtu anayependa kukaa karibu na Wahindi, jina ambalo Wazungu waliwapa wenyeji wa Amerika. Alikuwa na sheria mkononi: mwaka 1911 Bunge la Kanada lilikuwa limeongeza kifungu kinachoruhusu mahakama kuihamisha rizavu iliyo ndani au kando ya mji wenye watu 8,000 au zaidi. Sydney ilikuwa imepita idadi hiyo zamani. Kiwanda cha chuma kilichoanza kujengwa mwaka 1899 kiliufanya mji wa watu wasiofika 3,000 mwaka 1891 uwe na watu karibu 10,000 miaka 10 baadaye. Watu wa Kings Road wakawa jamii ya kwanza nchini humo kuondolewa kwa amri ya mahakama chini ya kifungu hicho. Uhamisho ulikamilika mwaka 1926, wakapelekwa ndani zaidi, mbali na maji ya bandari. Makazi hayo mapya ndiyo yanayoitwa leo Membertou, kwa heshima ya Henri Membertou, chifu mkuu aliyebatizwa na Wafaransa huko Port Royal tarehe 24 Juni 1610.

Naianza historia hii hapo kwa sababu moja. Katika shauri lile lote, kulikuwa na chifu, kulikuwa na familia, kulikuwa na wazee, lakini Wami'kmaq hawakuwa na mtu wa kwao mwenye mamlaka juu ya fedha, majengo, shule wala mipaka yao. Kazi hiyo ilikuwa ya mwingine. Habari ya jinsi ilivyorudi mikononi mwao imeandikwa kidogo kuliko habari za machifu na za kesi mashuhuri, na naamini inastahili kuandikwa.

Wami'kmaq hawakuanza kujitawala jana. Nchi yao, inayoenea katika majimbo ya mashariki ya Kanada, waliigawa katika wilaya 7, na Cape Breton, ambayo wao huiita Unama'ki, ni mojawapo. Kila wilaya ilikuwa na chifu wake, saqmaw, na juu yao lilikuwapo baraza kuu, Sante' Mawio'mi, lenye chifu mkuu, kapteni mkuu na putu's, mtunza kumbukumbu ya mikataba aliyeisoma katika mikanda ya shanga. Saqmaw hakuwa mtu wa kuamrisha tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kugawa: familia ipi itawinda bonde gani majira yajayo, nani apewe mtumbwi, nani hana chakula. Aliyeshindwa kugawa vizuri alipoteza watu, kwa kuwa familia zilikuwa huru kumfuata mwingine. Baraza hilo lipo hadi leo, na bado hukutana kwenye kisiwa cha Potlotek wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Anna mwezi Julai.

Na Waingereza Wami'kmaq walifunga mikataba ya amani na urafiki, kuanzia 1725 na 1726, tena 1752, tena 1760 na 1761. Katika mikataba hiyo hawakuuza ardhi. Walikubaliana kuishi kwa amani na kufanya biashara. Karatasi hizo zikawekwa kwenye makabati ya serikali kwa zaidi ya miaka 200, na tutakutana nazo tena mbele.

Mwaka 1876 ikaja Sheria ya Wahindi. Kwa sheria hiyo Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, iliweka utaratibu wa chifu na baraza la kuchaguliwa katika rizavu, halafu ikamweka juu yao wakala. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu; wazee wetu wa Tanganyika walimjua Bwana Shauri, na wakala wa Kanada alikuwa ndugu yake wa ofisi moja. Wakala aliandika orodha ya nani ni mwenyeji kisheria na nani si mwenyeji. Aligawa mgawo wa chakula. Aliamua nyumba ipi itaezekwa upya na ipi isubiri. Mapato ya ardhi ya jamii yaliingia kwenye mfuko unaoshikwa na serikali, na kila senti ilitoka kwa kibali. Kati ya 1927 na 1951 sheria ilikataza hata kuchangishana fedha kumlipa mwanasheria wa kudai haki zao bila ruhusa ya serikali. Kura ya uchaguzi wa Bunge la Kanada bila masharti waliipata mwaka 1960.

Chini ya wakala, uendeshaji ulikuwa na maana moja: kubana matumizi. Mwaka 1942 Ottawa iliamua kwamba ni ghali mno kuhudumia rizavu ndogondogo za Nova Scotia, jimbo ambalo Cape Breton ni sehemu yake, na ikaanzisha mpango wa kuwakusanya Wami'kmaq wote mahali pawili, Eskasoni na Shubenacadie. Watu waliahidiwa nyumba, shule na kazi. Wengi walihama wakakuta nyumba hazijakamilika na kazi haipo, na nyuma yao mashamba yao yamekuwa pori. Membertou ilikuwa katika orodha ya kufutwa. Chifu wake, Ben Christmas, alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa barua na kwa mikutano, na jamii ikabaki ilipo. Mpango wenyewe ulikufa mwishoni mwa miaka ya 1940. Nawaza mara nyingi juu ya kizazi hicho: walihamishwa mara moja kwa hukumu ya jaji, na kabla watoto waliozaliwa makazi mapya hawajafika umri wa kuoa, wakaambiwa wafungashe tena. Watoto hao hao ndio waliokuwa wakichukuliwa kupelekwa shule ya bweni ya Shubenacadie, iliyofunguliwa 1930 na kufungwa 1967, mahali ambapo mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake.

Mambo yaligeuka mwaka 1969. Serikali ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau ilitoa waraka uliopendekeza kuifuta Sheria ya Wahindi pamoja na hadhi yote ya kisheria ya wenyeji. Wenyeji nchi nzima wakakataa, na huko Nova Scotia ukazaliwa Umoja wa Wahindi wa Nova Scotia mwaka huo huo. Waraka uliondolewa. Mawakala wakaanza kutoweka, na katika miaka ya 1970 Ottawa ikaanza kuyakabidhi mabaraza ya rizavu kazi ya kuendesha huduma: nyumba, maji, ruzuku za wasiojiweza, baadaye afya na elimu. Ndipo akazaliwa meneja wa baraza.

Ofisi hii haina budi kuelezwa vizuri, kwa kuwa historia yote iliyobaki inapita mlangoni pake. Tanzania tuna mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, anayetekeleza yaliyoamuliwa na madiwani. Meneja wa rizavu alikuwa mtu wa namna hiyo, ila mzigo wake ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu baraza lake linabeba kazi ambazo kwingine zimegawanywa kati ya wilaya, mkoa, wizara na shirika la nyumba. Bomba likipasuka, ni yeye. Mwalimu akiacha kazi katikati ya muhula, ni yeye. Familia ya watu 11 kwenye nyumba ya vyumba viwili inataka kujua zamu yake ya nyumba mpya itafika lini, nayo inamuuliza yeye, mara nyingi dukani au kanisani, maana mji ni mdogo na wote ni jamaa. Upande wa pili iko Ottawa. Mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu wa Kanada alikadiria kwamba jamii moja ya wenyeji ilidaiwa na taasisi nne tu za serikali kuu ripoti zisizopungua 168 kwa mwaka, na jamii nyingi kati ya hizo zilikuwa na wakazi chini ya 500. Hiyo ni ripoti moja kila siku mbili na kidogo. Wakala alikuwa ameondoka, lakini karatasi zake zilibaki, na sasa ziliandikwa na wenyeji wenyewe kwa gharama yao.

Mwaka 1984 Membertou ilimchagua Terrance Paul kuwa chifu. Alikuwa kijana aliyewahi kuishi Boston, mji ambao Wami'kmaq wengi wamekwenda kutafuta riziki tangu zamani, na huko alifanya kazi katika Baraza la Wahindi la Boston. Alirudi akikuta jamii inaishi kwa ruzuku ya serikali na ukosefu wa kazi umekuwa hali ya kudumu. Miaka yake 10 ya kwanza haikubadili hilo. Kufikia mwaka 1995 bajeti nzima ilikuwa takriban dola milioni 4, wafanyakazi 37, na nakisi ilikaribia dola milioni 1. Baraza lenye nakisi kubwa namna hiyo huwa katika hatari ya kuletewa msimamizi wa nje, mtu wa kampuni ya uhasibu anayeteuliwa na Ottawa kushika kalamu badala ya baraza. Kwa maneno mengine, wakala angerudi, safari hii amevaa suti.

Chifu Paul alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa kubwa kuliko hotuba yoyote aliyopata kuitoa. Aliwaita nyumbani watoto wa Membertou waliosoma. Mmoja wao alikuwa Bernd Christmas, mmoja wa wanasheria wa kwanza kabisa wa Kimi'kmaq, aliyekuwa katika ofisi kubwa ya sheria mjini Toronto. Alikuja kuongoza utendaji, na baadaye akashika cheo cha afisa mtendaji mkuu. Mwingine alikuwa Dan Christmas, aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka katika Umoja wa Wahindi wa Nova Scotia, akawa mshauri mwandamizi. Ndiye aliyeteuliwa mwaka 2016 kuwa Mmi'kmaq wa kwanza katika Seneti ya Kanada.

Kazi ya kwanza haikuwa na sifa. Walikata matumizi. Katika jamii ya jamaa, kukata matumizi maana yake ni kumnyima binamu yako posho aliyoizoea na kukutana naye jioni. Nakisi ilichukua miaka kwisha. Walipokea pia fedha za mashine za kamari, kwa makubaliano na serikali ya jimbo, na sehemu ya faida waliigawa kwa wakazi kila mwaka. Kuna wanaoona haya kuitaja kamari katika historia hii. Mimi naona itajwe, kwa sababu ni fedha iliyoingia Membertou bila Ottawa kuipangia matumizi.

Kisha wakafanya lililowashangaza wengi. Waliamua kwamba serikali yao ya rizavu itapimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ubora, ISO 9001, ambacho kwa kawaida hutafutwa na viwanda. Kiwango hicho hakimuulizi mtu nia yake. Kinataka kila kazi iwe na utaratibu ulioandikwa: ombi la kutengenezewa paa likifika, nani analipokea, linaandikwa wapi, nani anaidhinisha, kwa siku ngapi, na asiporidhika mwombaji anakwenda kwa nani. Halafu mkaguzi wa nje anakuja na kuuliza karatasi ionyeshe kwamba ndivyo ilivyofanyika. Membertou ilipata cheti hicho mwaka 2002, ikawa ya kwanza duniani miongoni mwa taasisi za wenyeji. Hesabu zake zilizokaguliwa iliziweka hadharani miaka mingi kabla Bunge la Kanada halijatunga sheria ya mwaka 2013 ya kuzilazimisha jamii zote zifanye hivyo.

Najua cheti ni karatasi. Lakini fikiria kilichomo ndani yake. Kwa miaka mia moja, mtu wa rizavu aliyetaka paa alitegemea kama wakala ameamka vizuri. Baada ya wakala kuondoka, hofu mpya ilikuwa kwamba atategemea kama ni jamaa wa chifu. Utaratibu ulioandikwa, unaomfunga mkurugenzi na kumfunga chifu mwenyewe, ulimpa mjane asiye na ndugu barazani nafasi ile ile ya foleni. 

Mwaka 2000 walifungua ofisi katikati ya jiji la Halifax, makao makuu ya jimbo, kwenye jengo la Purdy's Wharf, karibu na benki na makampuni makubwa. Wakaanza kutia saini ubia: SNC-Lavalin katika uhandisi, Lockheed Martin katika teknolojia, Sodexho katika upishi, Grant Thornton katika uhasibu, Clearwater katika samaki. Masharti ya msingi waliyapanga wenyewe, nayo walirudia kuyasema kila mkutano: uhifadhi, uendelevu, ubunifu na mafanikio. Ukumbi wao wa biashara na mikutano ulifunguliwa 2004, hoteli ikafuata, halafu kituo cha michezo na afya mwaka 2016, kinachotumiwa na watu wa Sydney nzima.

Wakati huo huo Sydney ilikuwa inakufa upande mmoja. Kiwanda cha chuma, kile kilichojaza watu mjini na kuwapa wenye viwanja nguvu ya kuifukuza Kings Road, kilifungwa mwaka 2001. Mgodi wa mwisho wa makaa ya chini ya ardhi ukafungwa mwaka huo huo. Nyuma yake yalibaki mabwawa ya lami na sumu ambayo kusafishwa kwake kulitengewa dola milioni 400, na makampuni ya Wami'kmaq yalipata sehemu ya kazi hiyo. Jamii iliyoitwa kikwazo cha maendeleo mwaka 1916 ikawa, ndani ya miaka 10 ya karne mpya, miongoni mwa waajiri wakubwa wa kisiwa, na kati ya iliowaajiri walikuwamo wasio Wami'kmaq. Kufikia katikati ya muongo huo bajeti ilikuwa imepanda hadi karibu dola milioni 65, na msimu wa kazi ulipokuwa juu wafanyakazi walizidi 500.

Hapo katikati ndipo mikataba ya 1760 ilipotoka kabatini, na aliyeitoa alikuwa mtoto wa Membertou. Donald Marshall Mdogo, mwana wa chifu mkuu wa Sante' Mawio'mi, alikamatwa kwa mauaji mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 17, akahukumiwa na kukaa gerezani miaka 11 kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliachiwa, na mwaka 1983 mahakama ikafuta hatia. Tume ya Kifalme iliyochunguza kesi hiyo iliripoti mwaka 1989 kwamba polisi, waendesha mashtaka na mahakama zote zilimwangusha, na kwamba kuwa kwake mwenyeji kulichangia.

Mtu huyo, mwezi Agosti 1993, alikwenda kuvua mikunga katika bandari ya Pomquet. Alivua ratili 463, akaziuza kwa dola 787 na senti 10. Maofisa wa uvuvi walimshtaki: hana leseni, ameuza bila kibali, ametumia nyavu wakati wa kufungwa kwa uvuvi. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na tarehe 17 Septemba 1999 majaji wakaamua kwamba mikataba ya 1760 na 1761 bado ni hai, na inampa Mmi'kmaq haki ya kuvua na kuuza ili apate riziki ya wastani. Miezi miwili baadaye mahakama ilitoa ufafanuzi kwamba serikali inaweza kuidhibiti haki hiyo ikiwa na sababu za haki. Kilichofuata pwani ya New Brunswick, huko Burnt Church, ni mitego iliyokatwa na boti za serikali zilizogonga boti za wenyeji.

Hukumu haikuleta samaki mezani kwa yeyote. Ottawa ilikuja na mikataba ya muda: leseni, boti, fedha za mafunzo, kwa sharti la kufuata kanuni zake. Jamii nyingine zilikataa. Nyingine zilipokea zikakuta hazina nahodha mwenye cheti, hazina bima, hazina gati, na boti zikaoza zikiwa zimetia nanga. Membertou ilipokea, na tofauti ilikuwa kwamba ofisi ya utendaji ilikuwa imeshasimama. Palikuwa na mtu wa kuajiri na kufundisha manahodha, wa kufuatilia bima, wa kupanga bei na mnunuzi kabla boti haijatoka. Marshall alifariki mwaka 2009. Haki ni yake na ya mababu zake waliotia alama kwenye mikataba; lakini ilihitaji mhasibu na meneja wa boti ili ifike jikoni.

Elimu nayo ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1997 jamii 9 za Wami'kmaq wa Nova Scotia, Membertou ikiwemo, zilitia saini makubaliano ya kurudishiwa mamlaka juu ya shule zao chini ya chombo chao, Mi'kmaw Kina'matnewey. Leo takriban 9 kati ya wanafunzi 10 humaliza sekondari, kiwango ambacho jamii za wenyeji katika sehemu nyingine za Kanada bado zinakitafuta. Sipendi watu wanaposema hayo ni matunda ya utamaduni pekee. Ni utamaduni, ndiyo, na lugha imerudi darasani. Lakini ni pia mabasi yaliyofika kwa wakati na walimu waliolipwa mishahara yao mwisho wa mwezi.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2020. Clearwater, kampuni ya Nova Scotia iliyoshika leseni nyingi za uvuvi wa bahari kuu, za kambakoche, kaa na chaza, ilitangaza kwamba inauzwa. Mwezi Septemba Membertou ilikuwa tayari imekubaliana kununua leseni zake mbili za kambakoche kwa dola milioni 25. Mwezi Novemba jamii 7 za Wami'kmaq zikatangaza kununua nusu ya kampuni nzima pamoja na Premium Brands ya British Columbia, katika biashara iliyothaminiwa dola bilioni 1. Ilikamilika Januari 2021.

Fedha zilitoka wapi? Sheria ya Wahindi inazuia mali iliyo ndani ya rizavu isiwekwe rehani kwa mtu wa nje, kwa hiyo benki hazikupenda kuzikopesha jamii za wenyeji. Njia ilifunguliwa na sheria ya mwaka 2005 iliyoanzisha, pamoja na vyombo vingine, Mamlaka ya Fedha ya Mataifa ya Kwanza, jina ambalo jamii za wenyeji huitwa Kanada. Mamlaka hiyo hukusanya maombi ya jamii nyingi, huuza hatifungani sokoni kwa jina lao wote, na hukopesha kwa riba nafuu. Hatifungani ya kwanza, ya dola milioni 90, iliuzwa mwaka 2014. Ili uingie, hesabu na taratibu zako za fedha lazima zipitiwe na kuthibitishwa na bodi inayoongozwa na wenyeji wenyewe. Mlango wa Clearwater ulikuwa huo. Jamii zilikopeshwa dola milioni 250 kwa miaka 30. Bila miaka ile ya kukata posho na kuandika taratibu za kutengeneza mapaa, Membertou isingekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Wapo Wami'kmaq waliosononeka, na hoja yao si ya kupuuzwa. Vuli hiyo hiyo ya 2020 wavuvi wa Sipekne'katik, jamii nyingine ya Wami'kmaq wa Nova Scotia, walikuwa wameanza uvuvi wao wenyewe huko Saulnierville, tarehe 17 Septemba, miaka 21 kamili baada ya hukumu ya Marshall. Mitego yao ilikatwa, na mwezi Oktoba ghala la kambakoche huko Middle West Pubnico, lililokuwa likihifadhi samaki wao, lilichomwa moto. Wavuvi hao waliuliza: haki iliyopatikana ni ya mtu mwenye boti ndogo na nyavu, au ni ya kununua hisa za kampuni kubwa? Chifu Paul na wenzake wakajibu kwamba umiliki wa bahari kuu unaipa jamii sauti ambayo hakuna ofisa anayeweza kuikata kwa kisu. Naona pande zote mbili zinasema kweli, na kwamba jamii itahitaji vyote viwili. Sipekne'katik yenyewe ni mmoja wa wanunuzi 7.

Sheria ya Wahindi ya 1876 bado ipo vitabuni, imerekebishwa mara nyingi na haijafutwa. Kazi ya wakala imekuwa kazi ya jamii, na anayekalia kiti chake leo anateuliwa na baraza la Wami'kmaq, anasimamishwa dukani na wajomba zake, na anawajibika kwa hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Terrance Paul alitimiza miaka 40 ya uchifu mwaka 2024. Deni la Clearwater litaisha mwaka 2051, na watakaolipa awamu ya mwisho ni vijana walio darasani sasa. Anayetaka kujua mikataba ya 1760 imefikia wapi, asiishie kwenye hukumu ya majaji; asome na hesabu za Membertou.